Mtani Alipokuja Kumchukua Kalunde

Nilipofika Kaliua mwaka jana kumpa pole Kalunde kwa kufiwa na mumewe, nilimkuta barazani, amekaa kwenye kigoda na mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti, anamkaripia mjukuu wake aliyekuwa anapima uwanja kwa nyayo na kupoteza hesabu kila afikapo kwenye banda la kuku. "Mwalimu wao kawapa kazi za kufanya nyumbani wiki nzima," akaniambia, hata kabla hatujakumbatiana. "Wapime, wahesabu, wawaulize wazee. Unaona mambo hayo, Nyamizi?" Niliyaona. Nilikaa kwenye mkeka nikaanza kulia, naye akalia, na wanawake waliokuja matangani wakatuzunguka wakisema jikazeni, jikazeni, ndiyo njia yetu sote. Wote walidhani namlilia shemeji. Mungu anisamehe, shemeji nilimlilia kidogo tu. Alikuwa mtu mwema lakini sikumjua sana. Mimi nilikuwa nalilia mwaka mmoja wa utoto wetu, na mtu mzima wa umri wangu, nesi mstaafu aliyefunga macho ya maiti wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, anaona aibu kusema hivyo mbele za watu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Darasani kwetu picha ya Mfalme ilikuwa imeshushwa na ya Malkia ilikuwa haijaletwa, kwa hiyo pale ukutani palibaki pembe nne safi, na wavulana walikuwa wakipasalimia kwa mzaha wakipita. Mimi na Kalunde tulikuwa darasa la nne. Tuliishi kwa Baba Mkubwa, kijijini kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Kalunde alikuwa binti yake, mimi mtoto wa mdogo wake niliyeletwa pale kwa ajili ya shule, na hayo yanatosha, maana mambo ya ukoo ukiyaanza hulali. Mvua za kwanza zilipoanza, ndui ikaingia nchini. Dresa wa zahanati alikuja akatuchanja mikono, shule ikafungwa, watu wakakatazwa kukusanyika, hata kanisani. Sisi watoto tulishangilia. Tulidhani tumepewa likizo mpaka mavuno.

Basi Jumamosi ya kwanza tu, tukasikia kengele ya baiskeli. Mwalimu Kondo alikuwa kijana mwembamba, Mzaramo wa Pwani, na baiskeli yake ilikuwa na kiti kilichofungwa kwa kamba ya katani. Alisimama mbali, karibu na kichuguu, kwa sababu ya ugonjwa, akapaza sauti: "Shule imefungwa, vichwa havijafungwa! Njooni mchukue kazi ya wiki!" Na ikawa hivyo kila Jumamosi. Alizunguka nyumba kwa nyumba, anakagua kazi ya wiki iliyopita, anatoa ya wiki ijayo. Vitabu hakuwa navyo vya kugawa. Sisi tulikuwa na kibao kimoja cha kuandikia, cha watu wawili, kona moja imevunjika. Kwa hiyo kazi zake zote zilikuwa za vitu vya nyumbani. Wiki moja tupime nyumba kwa nyayo, ndani na nje, tueleze kwa nini hesabu mbili hazilingani. Wiki nyingine tusimamishe kijiti uani tufuate kivuli chake kutwa. Wiki nyingine tulime matuta mawili ya karanga, moja tulitie majivu ya jikoni, jingine tuliache. Au tutengeneze mizani kwa fimbo na vibuyu viwili. Mama Mkubwa alilalamika kwamba mwalimu gani huyu, anafundisha watoto kuchezea vyombo, lakini nilimwona mara mbili tatu akichungulia kivuli cha kile kijiti kabla ya kuinjika sufuria.

Mimi nilifanya zile kazi kwa sababu nimeambiwa. Nasema kweli, sikuwa mjinga, lakini nilikuwa mtoto wa kumaliza upesi niende zangu. Kalunde hakuwa hivyo. Alipoambiwa alime matuta mawili akalima matatu, la tatu akalitia samadi ya mbuzi, akamgombeza mtu yeyote aliyelikaribia. Ile mizani ya vibuyu ndiyo iliyonitia matatani. Baba Mkubwa alikuwa amerudi kutoka porini na asali, na Kalunde akaipima ikiwa na masega yake, kisha baada ya kuchujwa akapima asali peke yake, na nta peke yake. Jioni tunakula, ugali wa muhogo na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa kwa karanga, akasema polepole bila kumtazama mtu: "Baba, asali na nta haziji sawa na ile ya kwanza. Kuna iliyokwenda." Baba Mkubwa akauliza imekwenda wapi. "Sijui. Labda tumpime Nyamizi." Loo! Walicheka mpaka Mama Mkubwa akapaliwa. Mimi nilinuna, lakini shavu langu lilikuwa bado linanata.

Sasa lazima nieleze habari ya utani, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kutukanana tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi, babu zetu walipokuwa wanafika Pwani na pembe mabegani, wamechoka, wana njaa, na wenyeji wao wanawacheka. Mtani anaweza kukwambia lolote. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, nawe ukikasirika umeshindwa, kijiji kizima kitakusema. Ndui ilipoanza kupoa na Mwalimu Kondo akaruhusiwa kuingia uani, Jumamosi zetu zikawa ngoma. "Hodi kwa wapagazi!" anaita. Baba Mkubwa, aliyekuwa mtu wa maneno machache siku zote sita, anaitikia kutoka ndani: "Karibu, Mzaramo! Leo umekumbuka kulima, au ngedere wamekusaidia tena?" "Mimi nimekuja kula matanga, mzee, kumbe hujafa?" "Nitakufaje kabla sijakuzika?" Kisha wanakaa, chakula kinaletwa, na Mwalimu anakula kama mtu aliyekatazwa chakula wiki nzima, huku anakagua kibao chetu kwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa kazi ya Kalunde ilikuwa bora kila wiki, akaanza kumwita mke wangu. "Mzee, mke wangu amepata yote. Mtunze vizuri, nitakuja kumchukua." "Lete ng'ombe kwanza, maskini wewe!" Alikuwa na mkewe na mtoto huko kwao, kila mtu alijua. Kalunde alikuwa anainamisha kichwa na kutabasamu, kama msichana yeyote anayetaniwa mbele ya baba yake.

Jumamosi moja Mwalimu akaingia na uso mkavu, akakataa kukaa. "Mzee, leo utani naweka pembeni," akasema. "Bwana Shauri wa bomani ametoa amri. Mbuzi wote wenye ndevu wachanjwe ndui. Mfunge wako tangu alfajiri Jumatatu, dresa anapita." Na Baba Mkubwa, mtu mzima, mwenye heshima zake, akamfunga beberu mlangoni Jumatatu alfajiri, akakaa naye akimsubiri dresa mpaka jua likawa utosini. Watu walipita, wakauliza, wakaambiwa, wakaanguka chini kwa kicheko. Ilikuwa habari ya kijiji mwezi mzima. Hata watoto wadogo walikuwa wanamsalimia, "Shikamoo Baba, beberu amepona?" Baba Mkubwa alicheka pamoja nao kama ilivyo desturi, lakini nilimsikia akimwambia Mama Mkubwa jikoni: "Yule Mzaramo ngoja. Siku yake inakuja."

Siku ilikuja karanga zikiwa zimeanza kutoa maua. Kazi ya wiki ile ilikuwa kuwauliza wazee majina ya vituo vya misafara kutoka kwetu mpaka ziwani, maji yalikuwa wapi, chakula kilikuwa wapi, kisha tuchore njia. Kalunde alikwenda kwa wazee kila siku, na alipoona kibao hakitoshi akaichora njia yote uani kwa majivu, mito, mapori, sehemu za kulala. Mama Mkubwa alikuwa anaikwepa anapokwenda kuchota maji. Mwalimu Kondo alifika, akaegesha baiskeli, akasimama juu ya ile njia ya majivu muda mrefu bila kutukana mtu. Siku hiyo kulikuwa na uyoga, wa kwanza wa mwaka. Akakaa, akanawa, akala matonge machache, akaacha. Kisha akasema: "Mzee, leo utani naweka pembeni. Kuna Bibi wa elimu amefika Tabora. Shule ya bweni ya wasichana ina nafasi moja kwa shule yetu. Nimemtaja Kalunde. Jumatatu asubuhi tunakuja na lori amwone, na akimkubali anaondoka naye hapo hapo. Mfungieni nguo zake."

Baba Mkubwa aliweka tonge chini. Akamtazama mkewe, akamtazama Mwalimu, kisha akacheka kicheko ambacho bado nakisikia. "Mtani! Huu wa leo umeupika mpaka ukaiva!" Mwalimu akasema, "Kweli, mzee." "Kweli kama ya beberu?" Na hapo Mwalimu Kondo, Mungu wangu, akacheka na yeye. Alijaribu kujizuia, nilimwona akiuma mdomo, lakini lile la beberu lilimshinda, akacheka mpaka machozi. Tangu hapo hata angeapa kwa kaburi la mama yake asingeaminika. Kwetu neno zito halitoki kinywani mwa mtani. Ukiwa na habari ya msiba au ya shauri, unamtuma mtu asiye mtani, mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji, au mzee wa kanisa, neno lifike likiwa halijaguswa na kicheko. Mwalimu alijua hilo. Alikuwa amekaa kwetu vya kutosha. Nafikiri alijiona mwana wa nyumba, akasahau alikuwa mwana wa nyumba kwa njia gani. Alipoondoka alisema tu, "Haya, Jumatatu, mzee," na Baba Mkubwa akamjibu, "Jumatatu, mkwe! Usisahau ng'ombe!"

Ilikuwa imekubaliwa zamani kwamba msichana mmoja wa nyumba yetu aende Kaliua kumsaidia dada yetu mkubwa aliyejifungua. Mumewe alikuwa anafanya kazi ya reli pale. Na aliyetajwa kwenda nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaringia wenzangu kwa habari ya treni. Jioni ile Baba Mkubwa akaja jikoni anapangusa machozi ya kucheka. "Anaondoka Kalunde, si Nyamizi," akasema, "na anaondoka kesho. Mzee mmoja wa kanisa anarudi Kaliua kwa treni, atakwenda naye. Mtani akija Jumatatu kumchukua mke wake, akute kiota kitupu!" Mama Mkubwa alicheka. Mimi nililia kwa hasira, nikasema si haki, treni ilikuwa yangu. Naam, ndivyo nilivyosema. Kalunde alikuwa anasugua sufuria. Nilimsikia akimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Mama, leo Mwalimu hakula kama siku zote." Mama Mkubwa akasema, "Mtu wa Pwani huyo, uyoga ataujulia wapi?" Kalunde akaweka sufuria chini, akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, na kama ni kweli?" "Kama ni kweli, mwanangu, basi na beberu alichanjwa." Akainuka, akarudi kwenye sufuria. Sisi hatukulelewa kubishana na baba. Asubuhi alinipa maagizo ya matuta yake matatu, lipi lipaliliwe lini, akaondoka nyuma ya baba yake kwenda stesheni ya Tabora, kifurushi kichwani, wala hakugeuka.

Jumatatu Baba Mkubwa alivaa kanzu safi akakaa mlangoni kama bwana harusi. Tulisikia lori kabla ya kuliona. Watoto walikimbia, mbwa wakabweka, na Baba Mkubwa akasimama, bado anatabasamu, ingawa nilimwona akilitazama lile lori kwa namna nyingine. Mwalimu Kondo aliruka chini amevaa viatu. Nyuma yake alishuka mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana. Na Baba Mkubwa, kwa kuwa alikuwa amelitayarisha neno lake siku nzima, likamtoka: "Mtani! Mke wako ametoroka! Amepanda treni jana!" Akapiga makofi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisimama juu ya majivu ya ile njia, mvua ilikuwa imeshaanza kuyafuta, akasema, "Treni ya kwenda wapi?" "Kaliua." "Anarudi lini?" Baba Mkubwa akashusha mikono. Akamtazama yule Bibi, akatazama lori, tabasamu likiwa bado usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi. "Mtani," akasema, "mbona hukuniambia?" Mwalimu akajibu polepole, kwa heshima, "Nilikuambia, mzee."

Bibi wa elimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na safari nyingine mchana ule, na nafasi ilikuwa lazima ijazwe kabla hajaondoka. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hapana mtoto mwingine hapa?" Mwalimu Kondo akageuka. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko, nimeshika mwiko. Alinitazama muda mrefu, na sijawahi kutazamwa vile tena maishani, maana nilijua anamtafuta mtu mwingine usoni mwangu. Akaniuliza habari ya kivuli, nikajibu. Akaniuliza kwa nini tuta lenye majivu lilistawi kuliko lisilo na kitu, nikajibu, na majibu yote alikuwa amenifundisha Kalunde. Mama Mkubwa akaingia ndani akatoka na gauni la Jumapili lililoachwa kwa kuwa lilikuwa bado bichi, gauni la Kalunde, akanivalisha, akanifunga vifungo mgongoni. Jirani mmoja akaguna pale uani, "Mzaha mzaha hutunga usaha." Mama Mkubwa akamwambia nyamaza. Nikapandishwa kwenye lori. Na nitasema jambo ambalo sijamwambia hata padri: nilifurahi. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, miti inakimbia nyuma, nami nilifurahi mpaka nikaimba. Hatia yangu imekaa hapo mpaka leo, kwenye ule wimbo. Nafasi nilipewa, kufurahi nilifurahi mwenyewe.

Nilirudi likizo nikakuta Kalunde amerudi kutoka Kaliua. Alinipokea mizigo, akanisifia viatu, akataka kujua tunafundishwa nini, na kila nilichomweleza alikielewa kabla sijamaliza, kwa hiyo nikaacha kumweleza. Shule ya kijiji ilikuwa imefunguliwa, lakini darasa la nne lilikuwa ndilo la mwisho pale. Mwalimu Kondo alikuja Jumamosi moja, kwa mazoea, akaita hodi kwa wapagazi. Baba Mkubwa akatoka, akampa mkono, akasema, "Karibu, Mwalimu. Habari za kazi?" Hivyo tu, kama mgeni kutoka bomani. Akaletewa kiti. Wakaongea habari za mvua. Nimeona watu wakipigana kwa mapanga wakapatana, lakini sijaona jambo la kusikitisha kama wale watani wawili wakiulizana habari za mvua. Mwaka uliofuata Mwalimu akahamishwa. Kalunde akaolewa Kaliua, na shemeji yake wa reli ndiye aliyeleta posa. Mimi nikasoma, nikawa nesi, nikajenga, nikasomesha wanangu, na kila nilipopanda cheo nilimtumia Kalunde kitenge. Ana sanduku zima. Hajawahi kuvishona vyote.

Basi siku ya tatu ya matanga, asubuhi, watu wengi wamekwishaondoka, tulikuwa tunabangua karanga barazani, na yule mjukuu yuko mbele yetu anaanza tena hesabu yake ya nyayo. Nikasema. Nilikuwa nimelipanga lile neno miaka mingi, na nilikuwa nimempangia hata jibu lake: yamepita, ndugu yangu, Mungu ndiye mpangaji. "Kalunde," nikasema, "ile nafasi ilikuwa yako." Hakuacha kubangua. "Ndiyo," akasema. "Ilikuwa yangu." Nikangoja. Alichukua karanga nyingine. Nikasema, "Nisamehe." Akanitazama, si kwa chuki, kwa kushangaa kidogo. "Nikusamehe nini? Ulifanya nini wewe? Ungekuwa umeniibia ningekusamehe siku ile ile." Karanga zikaendelea kuanguka kwenye ungo. Nikauliza kitu ambacho katika maisha yangu yote, na vitenge vyangu vyote, sikuwahi kumuuliza. "Ungesoma, Kalunde, ungekuwa nani?" Nilitaka aseme mwalimu, aseme daktari, aseme chochote, nipate kujua ukubwa wa nilichokula. Aliacha kubangua. Alifikiri kweli, uso umetulia, macho ameyakaza uwanjani, kama mtu aliyepewa swali la haki.

"Sijui," akasema. "Nitajulia wapi, Nyamizi? Sikwenda."